Mazoea ya Mtu na Maradhi ya Wasiwasi

Kila mtu ana mazoea yake. Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, mvuvi wa dagaa hukagua taa na kamba zake mara mbili kabla ya kuingia ziwani usiku, wala hapendi kusemeshwa mpaka amalize. Mama mmoja wa Ujiji hupanga sufuria zake kwa ukubwa, naye hununa zikichanganywa. Jirani huwatania, nao hucheka. Hayo si maradhi.

Lakini yapo maradhi yafananayo na hayo kwa nje. Wazo lisilotakiwa humwingia mtu kwa nguvu: mikono ina uchafu, mlango haukufungwa, nimemdhuru mtu, nimemkosea Mungu. Ili kulituliza hulazimika kunawa, kukagua, kuhesabu au kusali tena na tena. Hupata nafuu kidogo, kisha wazo hurudi, na kila arudiapo tendo lile, kifungo chake huzidi kukaza. Madaktari hukadiria kwamba mtu mmoja hadi watatu katika kila mia hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha.

Tutapambanuaje basi? Tuulize mambo matatu. Kwanza, je, mtu huyu aweza kuacha akitaka? Pili, hutumia muda gani? Yakimla zaidi ya saa moja kila siku, ni dalili ya kuangaliwa. Tatu, je, yanamtesa, au yanaharibu kazi, masomo na amani ya nyumba?

Tuchukue mfano wa kunawa. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha mwambao kilicho mpakani, walipokimbilia maelfu ya watu kutoka Burundi. Aliyenawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni alitenda kwa hekima. Mikono ilipotakata, aliacha. Mgonjwa hunawa hata ngozi ikachubuka. Mara nyingi ajua kwamba mikono imekwisha kutakata, lakini hawezi kuacha.

Hata dini haikusalimika. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu waliandika tangu zamani juu ya mtu arudiaye udhu bila kikomo. Kwetu Wakatoliki yuko mwenye dhamiri ya wasiwasi, aungamaye dhambi ile ile iliyokwisha kuondolewa, au aogopaye Komunyo kwa sababu ya wazo chafu asilolitaka. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliteswa hivyo huko Manresa mwaka 1522, na Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu tangu mwaka 1885, akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Yafaa tukumbuke fundisho la Kanisa: pasipo ridhaa hapana dhambi. Wazo lililojileta lenyewe, nawe walichukia, si kosa lako.

Mapadre waungamishi wa kale walimwagiza mtu wa namna hiyo atii shauri la padre mmoja, wala asirudie kuungama ya zamani. Mwaka 1966 mtaalamu Victor Meyer, huko London, alieleza tiba iliyo karibu na hekima hiyo: mgonjwa husaidiwa kukabili hofu yake kidogo kidogo bila kutenda lile tendo la kuituliza, hata hofu ipungue yenyewe. Tiba hiyo hutumika hadi leo, na ziko dawa pia zisaidiazo wengi.

Enyi wazazi, mkiona dalili hizi kwa mtoto au ndugu, msimcheke wala msimpige, wala msiseme ni uvivu au pepo. Wala msiyashiriki maradhi yake: akiuliza mara ya kumi kama mlango umefungwa, kumjibu kila mara ni kuyalisha. Mwambieni kwa upole kwamba mwajua anaogopa, tena kwamba hofu hiyo itapita. Kisha mpelekeni hospitali, kama ile ya Maweni mjini Kigoma au iliyo karibu nanyi, mkaeleze mambo yote bila kuona haya. Padre atamsaidia katika yaliyo ya roho. Daktari naye ana kazi yake, na mgonjwa huyu awahitaji wote wawili.