Mfuko wa Watu wa Filamu: Uanze Kabla Bakuli Halijatembezwa

Fundi taa akidondoka ngazini leo, kesho makundi ya WhatsApp ya watu wa filamu yanajaa picha yake na namba ya kutumia mchango. Akiwa mwigizaji mwenye jina, pesa huingia haraka. Akiwa yule aliyeshika maiki miaka kumi bila sura yake kuonekana hata mara moja, ataambulia nauli ya kurudia nyumbani.

Hollywood nako waliwahi kuishi hivyo. Mwaka 1921 Mary Pickford, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na wenzao walianzisha Motion Picture Relief Fund, mfuko wa kuwafaa wenzao walioishiwa. Michango ya hiari haikutosha, hasa uchumi ulipoanguka. Ndipo mwaka 1932 Pickford akasukuma utaratibu wa watu wa studio kukubali kukatwa nusu asilimia ya mshahara. Mwaka 1939 mastaa wakaanza kuigiza katika kipindi cha redio, The Screen Guild Theater, na malipo yao yakaenda kwenye mfuko. Mwaka 1942 makazi ya wazee yakafunguliwa Woodland Hills, California. Yapo hadi leo, na wakazi wake hurekodi vipindi vyao wenyewe kwa ajili ya chaneli ya ndani. Napenda hilo kuliko yote: mhariri mstaafu hapewi uji na kitanda tu, anarudishiwa na kazi yake.

Kwetu nusu asilimia ni kiasi gani? Aliyelipwa shilingi 200,000 kwa kazi moja anaacha 1,000. Haiumi, ila ikatwe siku ya malipo na mwandaaji mwenyewe, tena iandikwe kwenye mkataba. Ukimwachia kila mtu atume kwa wakati wake, mtabaki kudaiana.

Kabla ya kukusanya, sajilini kikundi. Tanzania, chama cha kusaidiana husajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kikundi cha kuweka na kukopeshana hupitia halmashauri, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kenya ipo sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii. Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini watatu, kamwe isiwe laini ya simu ya mwenyekiti, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Katiba iseme wazi nani anastahili. Kipimo kiwe siku alizofanya kazi na michango aliyotoa, umaarufu usihesabike. Dereva wa lokesheni, mpishi, mtu wa mekapu na mshona mavazi wahesabiwe sawa na nyota wa filamu. Maombi yapokelewe na watu wachache wanaojua kufunga mdomo, maana wapo watakaokufa kwa aibu kabla ya ugonjwa wakisikia habari zao zitasomwa kwenye kundi. Kinachosomwa mbele ya wote ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Msiahidi makubwa. Mwaka 2009 mfuko ule wa Hollywood, pamoja na utajiri wake, ulitangaza kufunga hospitali na huduma ya muda mrefu ya wazee wake kwa sababu ya hasara, na familia zikaandamana kupinga. Kikundi cha watu arobaini kianze na mambo mawili: ajali kazini na mazishi. Pensheni iachieni mifuko ya hifadhi ya jamii. NSSF hupokea pia waliojiajiri.

Mkikutana kazini wiki hii, kabla hata ya shilingi ya kwanza, pitisheni daftari. Kila mmoja aandike jina lake kamili na namba ya ndugu wa karibu wa kupigiwa.