Namna ya Kufundisha Chanzo cha Uhuru wa Marekani Darasani Masisi na Walikale

Mwalimu mwenzangu, ukifika kwenye somo la uhuru wa Marekani, usianzie Philadelphia, mji lilikopitishwa Azimio la Uhuru mwaka 1776. Anzia msitu wa kwetu. Mwaka 1944, katika nchi ya Bakumu, kuanzia upande wa Walikale hadi Lubutu, waumini wa dini ya Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu waliinuka dhidi ya serikali ya Wabelgiji. Mwanafunzi akiyaelewa hayo, ya 1776 hayatamshinda.

1. Gawa ubao mara mbili. Kushoto andika “Manung’uniko”, kulia “Mawazo”. Mateso peke yake hayaleti mapinduzi. Watu huinuka wanapopata wazo la kuwaonyesha kwamba wanayotendewa si haki.

2. Jaza kushoto kwa mambo ya kwetu. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani waliteka mashamba ya mpira ya Asia, na Kongo ikatakiwa kuziba pengo. Kazi za shuruti vijijini zikapandishwa kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwanaume aliingia porini kutafuta mpira, shamba likamwelemea mkewe, na kodi haikungoja. Aliyepungukiwa alingojewa na fimbo au gereza. Waambie wanafunzi wagawe 120 kwa 365: watakuta karibu theluthi ya mwaka imekwenda kwa serikali.

3. Ongeza ya Marekani. Mwaka 1765 Uingereza iliwatoza Wamarekani kodi ya stempu, nao hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge la London. Desemba 1773 walimwaga shehena ya chai baharini Boston kupinga kodi. Azimio la Uhuru linamhesabia Mfalme George wa Tatu makosa 27. Chagua matatu tu, uyafafanue vizuri.

4. Sasa jaza kulia. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifundisha kwamba serikali husimama kwa ridhaa ya watu, ilinde uhai, uhuru na mali yao. Ikivunja ahadi hiyo, wanaweza kuiondoa. Januari 1776 Thomas Paine aliyaweka mawazo ya aina hiyo katika kijitabu chenye lugha ambayo fundi na mkulima waliielewa. Watu wa Kitawala hawakumhitaji Locke. Katika Biblia waliona kwamba mweusi na mweupe ni sawa mbele ya Mungu. Wabelgiji waliwahamisha waumini mbali na kwao ili kuwanyamazisha, nao wakafundisha huko walikopelekwa.

5. Usifiche kasoro. Thomas Jefferson, aliyeandika katika Azimio la Uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa. Uasi wa 1944 nao ulikuwa na vipigo, kisha ukazimwa kwa bunduki.

6. Toa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi amuulize mzee mmoja: Baba na babu zako walilipaje kodi? Mpira ulipimwa wapi, na nani? Aombe ruhusa kwanza, asiandike jina wala kabila, na asiguse vita vya leo.

Kwenye mtihani, usiulize tarehe peke yake. Mpe mwanafunzi lalamiko moja, kisha mtake aeleze linakiuka haki gani na kwa nini. Kijana anayeweza kutoa sababu hiyo kwa maneno yake mwenyewe ataweza kuitetea haki yake mbele ya mwami, mbele ya mwajiri na mbele ya mbunge, bila kuinua panga.