Msimu wa Hass: Fungua Daftari Kabla ya Kuchuma

Msimu mkuu wa avokado umewadia Murang'a, Kirinyaga na Meru, na mabroka wameanza kupita vijijini wakitaja bei. Kabla hujakubaliana na yeyote, ndugu mkulima, tazama jinsi kampuni kubwa zinavyofuatilia pesa za tunda hili hili unalolima.

Mission Produce ya California ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa avokado duniani. Mwaka wake wa hesabu huanza Novemba mosi, na kila baada ya miezi mitatu huwaeleza wenye hisa imeuza nini na imebaki na nini. Ina mashamba yake nchini Peru, ambako mavuno huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba. Kwa hivyo katika robo mbili za kwanza mashamba hayo hula zaidi ya yanavyoingiza, na sehemu kubwa ya pesa zake huja katika robo mbili za mwisho. Ndiyo sababu anayezielewa hesabu hizo hulinganisha robo inayoishia Julai na Julai ya mwaka uliotangulia, wala si na Aprili.

Mauzo ya kampuni hiyo yalikuwa takriban dola milioni 954 mwaka 2023, yakapanda hadi takriban dola bilioni 1.23 mwaka 2024. Usidhani mashamba yake yalizaa sana. Joto la El Niño ya 2023 lilipunguza mavuno ya Peru, na ongezeko hilo lilitokana zaidi na bei kuwa juu. Bei ikipanda, hata shamba lililozaa vibaya huonekana zuri. Ikishuka, udhaifu wote hujitokeza.

Hapa kwetu, kampuni ya Kakuzi ya Makuyu, inayolima avokado, ilipata faida mwaka 2023, kisha ikapata hasara mwaka 2024. Mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu zaidi, na tunda linalofika Ulaya likiwa limelainika hukosa bei. Gharama zote zimeshalipwa, lakini pesa hazirudi.

Hasara ya namna hiyo humfikia mkulima mdogo pia: shehena ikikataliwa, bei ya wiki inayofuata hushuka kijijini. Bahari huwezi kuituliza, lakini siku ya kuchuma iko mikononi mwako.

Kwanza, pima ukomavu. Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) inataka avokado aina ya Hass ya kuuzwa nje iwe na angalau asilimia 24 ya nyama kavu. Kipimo hiki chaweza kufanywa na kikundi chenu: paruza nyama ya tunda, pima gramu 10, zikaushe polepole bila kuziunguza hadi uzito usishuke tena, kisha pima upya. Zikibaki gramu 2.4 au zaidi, tunda limekomaa. Zikiwa pungufu ya hapo, subiri, kwa sababu tunda changa hunyauka badala ya kuiva, na humharibia sokoni hata jirani aliyengoja. Chuma kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, usiliache tunda liguse udongo, na ulipange kwenye kreti kivulini, si kwenye gunia.

Pili, dai bei kwa kilo. Katoni ya kuuza nje hubeba kilo 4. Ikiingia matunda 16, kila moja lina takriban gramu 250. Kwa mfano, broka akikupa shilingi 15 kwa tunda la ukubwa huo, amenunua kilo kwa shilingi 60. Akiyachagua makubwa tu kwa bei hiyo hiyo, kilo imeshuka zaidi nawe hujui.

Tatu, weka hesabu kwa robo. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kando kilo ulizouza, bei ya kilo, na gharama zote: samadi, dawa, vibarua, usafiri, na matunda yaliyokataliwa. Mwisho wa Juni, linganisha na Juni iliyopita. Mapato yakiwa yamepanda na kilo zimeshuka, bei ndiyo iliyokubeba, na bei hiyo inaweza kuondoka mwakani. Tumia sehemu ya pesa hizo sasa kupogoa, kuweka samadi na kuvuna maji ya mvua, ili mwakani uwe na kilo za kuuza hata bei ikishuka.