Mgongo Uliopinda na Mimba: Maswali kutoka Kiwengwa

Maswali haya yametoka kwa wanawake wa Cairo, Gulioni na Kumba Urembo, vijiji vinavyounda Kiwengwa, na mengine kwa wanaopanda gari la 117 kila asubuhi kwenda kazini hotelini. Yote yanahusu mwanamke ambaye uti wake wa mgongo umekwenda upande, hali ambayo madaktari huiita skoliosisi. Nimejibu kama ninavyozungumza na wazazi kliniki, na kwenye jambo zito sikubania maneno.

Mwanangu anataka kuoa binti ambaye bega lake moja limepanda na mgongo una upinde. Ana tabia njema, lakini wenzangu wananiambia hatazaa, na akizaa hatapona. Nifanye nini?

Mama, nenda kapeleke posa. Uti wa mgongo haushiki kizazi. Mayai, hedhi na mji wa mimba hufanya kazi zake kama kwa msichana mwingine yeyote, na wengi wenye skoliosisi hushika mimba na kujifungua salama. Upinde huhesabiwa kuwa skoliosisi ukifika nyuzi 10 kwenye picha ya eksirei, na katika kila vijana 100 wawili au watatu wanao. Wapo waliokua wakazaa na wala hawajui kama wanao. Ule mkubwa, unaoonekana hata juu ya nguo, huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana.

Wenzako hao wapelekee habari ya Eugenie, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo mwaka 2002 akiwa na miaka 12. Alipoolewa mwaka 2018 alichagua gauni lililoacha mgongo wazi ili kovu lionekane na watoto wenye hali hiyo wasijione peke yao. Leo ana wavulana wawili, wa kwanza alizaliwa 2021 na wa pili 2023.

Nina mimba ya miezi minne, ya kwanza. Nikiwa shule niliambiwa nina upinde lakini sikutibiwa. Mimba itauzidisha? Na mtoto atapata nafasi ya kutosha?

Mtoto hukua ndani ya mji wa mimba, na mji wa mimba hutanukia mbele, mahali ambapo uti haupo. Atapata nafasi yake. Tumbo lako huenda likaonekana limeegemea upande mmoja au likatokeza mapema kuliko la shoga yako mwenye mimba ya umri huo huo, hasa kama upinde umekufupisha kiwiliwili. Hilo lisikutie hofu.

Kuhusu kuzidi, upinde ulio chini ya nyuzi 30 mara nyingi hutulia mtu akishamaliza kukua, awe na mimba au asiwe nayo. Uliovuka 50 una tabia ya kuongezeka polepole, kama unyuzi mmoja kwa mwaka, na huongezeka hivyo hata kwa asiyezaa. Kitakachokusumbua ni maumivu ya kiuno, kwa sababu viungo hulegea mimba inapokua. Lala ubavu, magoti umeyakunja na mto wa sufi katikati yake. Kama kitanda chako ni cha kamba na kimeshuka katikati, mwambie mume akikaze.

Nesi amenipima akaandika kwenye kadi kuwa sijafika sentimita 150, kwa hiyo nijifungulie hospitali kubwa. Shangazi anasema hapo nimeshaandikiwa kisu. Ni kweli?

Nesi amefanya kazi yake vizuri. Ila urefu chini ya 150 huandikwa kwa sababu mwanamke mfupi anaweza kuwa na nyonga nyembamba, na kwako wewe kipimo hicho kinadanganya kidogo. Uti uliopinda hupunguza kimo. Huenda mifupa yako ni ya mwanamke wa sentimita 156 na upinde umekula nane.

Kuna njia ya kujua, na haigharimu kitu. Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono yote miwili kulia na kushoto kama unayeanika kanga, na mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole kirefu cha mwingine. Kwa watu wengi urefu huo hukaribiana na kimo. Kama mikono yako inatoa 156 na kimo kinatoa 148, mwambie nesi aviandike vyote viwili. Daktari atakayekuona mwezi wa tisa atakuwa na picha ya kweli ya mwili wako.

Skoliosisi iliyoanza ujanani bila sababu inayojulikana, ambayo ndiyo ya wengi, kwa kawaida huiacha nyonga salama, na mwenye nayo huweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Mambo hubadilika upinde unapokuwa chini kabisa, pale kiuno kinapoungana na nyonga, au mtu anapokuwa nao tangu kuzaliwa, au ulipokuja kwa ugonjwa wa misuli. Hapo nyonga inaweza kuinama upande na mtoto akakaa vibaya, amelala mshazari au ametanguliza makalio. Ndiyo maana nataka uende hospitali kubwa. Ukifika huko ukaambiwa utapasuliwa, uliza sababu. "Mgongo wako umepinda" pekee haitoshi kuwa sababu, na una haki ya kuambiwa zaidi ya hapo.

Nikipanda ngazi za hoteli nahema sana. Wenzangu wanasema ndiyo mimba. Nitajuaje?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mwenye upinde wa kifuani aulize, maana hapa ndipo watu hupotea.

Mimba huongeza mahitaji ya hewa ya mwili kwa kiasi cha moja ya tano, na wakati huo huo mji wa mimba unaipandisha juu nyama ya kiwambo inayotusaidia kuvuta pumzi. Wajawazito wengi huhisi kuhema kidogo. Mwenye upinde mkubwa wa kifuani anaingia kwenye mimba akiwa na mapafu yaliyokwisha kubanwa. Upinde ukivuka nyuzi 60 au 70 mapafu huanza kupungukiwa, na ukikaribia 100 moyo nao huelemewa, kwani unasukuma damu kwenye mapafu yasiyotanuka.

Kuhema kwa kawaida hutulia ukikaa, na unaweza kumaliza sentensi bila kuikata. Kunakonitia wasiwasi ni kuhema ukiwa umekaa, kushindwa kulala bila kuegemezwa mito, kuamka usiku ukitafuta hewa, moyo kwenda mbio bila kazi, midomo kubadilika rangi, kuzimia. Lolote kati ya hayo likitokea, nenda siku hiyo hiyo. Usikubali kupewa dawa ya pumu ukarudi nyumbani kabla mtu hajakuvua nguo akautazama mgongo wako.

Mwenye upinde mkubwa na asiyehisi chochote bado anahitaji kupimwa mapafu mapema, kwa kupuliza kwenye mashine, na kupimwa moyo. Ni vyema zaidi vipimo hivyo vifanyike kabla ya kubeba mimba. Na vidonge vya kuongeza damu uvimeze kila siku. Damu ikipungua wekundu, hewa kidogo inayoingia haifiki inakotakiwa. Nimeona wanawake waliokuwa wakihesabiwa kuwa na mapafu mabovu wakapata nafuu kubwa baada ya damu yao kupanda.

Niliwekwa vyuma mgongoni nilipokuwa msichana. Je, vitavunjika nikisukuma? Na sindano ya mgongo itawezekana?

Vyuma vimeshikana na mfupa kwa miaka sasa, uchungu hauvivunji. Sukuma.

Sindano ndiyo jambo la kupanga. Hapa kwetu upasuaji mwingi wa uzazi hufanywa kwa ganzi ya mgongo, na mama hubaki macho. Kwenye mgongo uliopinda, pingili zimejizungusha, na njia ya sindano haiko pale mkono wa mtaalamu ulipozoea kuitafuta. Penye kovu na vyuma ni vigumu zaidi, na wakati mwingine ganzi hushika upande mmoja ikauacha mwingine. Haina maana kwamba haiwezekani. Vyuma vingi huishia juu ya kiuno na kuacha pingili za chini huru. Ikishindikana, ipo nusukaputi.

Kinachohitajika ni daktari wa usingizi akuone mimba ikiwa na wiki 32 hadi 34, mchana, mkiwa mmekaa, na picha zako za zamani mkononi mwake. Kama ulipasuliwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, au India, au kwingineko, tafuta karatasi inayosema vyuma vinaanzia pingili gani na kuishia ipi. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya kliniki, isibaki sandukuni kwa mama yako.

Mimi ni mkulima wa mwani. Niache kazi? Na dawa gani naweza kumeza kwa maumivu?

Mwani umewalisha wanawake wa pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, siwezi kukwambia uache kirahisi hivyo. Gawa kazi. Kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai ni kazi ya kukaa, ifanye wewe, juu ya kigoda chenye kuegemea badala ya kukunja miguu mchangani. Kuinama majini bamvua zima na kubeba polo la mwani mbichi kichwani, waachie wengine kuanzia mwezi wa tano. Wala usijilaumu. Mizigo haikuupinda mgongo wako, inauumiza tu.

Dawa ni paracetamol. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa na wauzaji hawaulizi kama una mimba. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na baadaye zaidi huweza kuziba mshipa wa damu wa moyo wake kabla ya wakati. Sema una mimba kabla hujanunua.

Nilipigwa eksirei ya mgongo kabla sijajua kuwa nina mimba. Niitoe?

Hapana, mwanangu. Kiasi cha miale ya picha kama hiyo kiko chini sana ya kile kinachojulikana kudhuru mtoto. Tangu sasa epuka nyingine isipokuwa daktari ameona hapana budi.

Naishi Kiwengwa, mjini ni mbali. Nijifungulie wapi?

Ni kama kilomita 40, na usiku hakuna daladala. Mwenye upinde mdogo, kimo kizuri na mtoto aliyetanguliza kichwa anaweza kujifungulia hospitali ya wilaya ya Kaskazini B, mahali penye chumba cha upasuaji. Mwenye upinde mkubwa, vyuma, au shida ya pumzi aende hospitali ya rufaa, Mnazi Mmoja au pale watakapomwelekeza, na wiki mbili za mwisho akae kwa ndugu mjini. Wazanzibari wengi tuna mtu Ng'ambo. Huu ndio wakati wa kumbishia hodi. Mhudumu wa Jamii ni Afya anayepita nyumbani kwako mwambie habari ya mgongo mapema, aiandike, akusaidie kupanga usafiri. Upinde uliojulikana mwezi wa tatu hupangiwa watu na vifaa. Ule ule ukigunduliwa saa nane usiku, mama yuko mezani na sindano imeshakataa mara tatu, unakuwa hatari.

Nikishajifungua, bibi yangu atanikanda na kunifunga mkaja. Nikubali?

Kubali kukandwa kwa maji ya vuguvugu mikononi, miguuni na mabegani. Kunapumzisha na kunakuweka karibu na bibi. Mwombe asikandamize kwenye nundu ya mbavu wala kujaribu kuurudisha uti mahali pake. Uti hauna pa kurudi. Aliyejifungua kwa kupasuliwa asikandwe tumbo. Mkaja ufungwe chini, kwenye nyonga, mkono uweze kupita. Mwenye shida ya mapafu asifungwe kabisa. Na arobaini isiwe ya kulala tu. Tembea uani kila siku, damu isigande miguuni.

Shemeji yangu hakuwa na upinde. Umekuja ukubwani, kama nundu katikati ya mgongo, na sasa ana mimba na miguu inakufa ganzi.

Huyo aende hospitali leo. Nundu iliyochongoka, inayouma, iliyotokea ukubwani, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Dawa zake hutolewa bure, na zile za kawaida hutumika hata kwa mjamzito. Miguu ikianza kufa ganzi kila siku ina thamani.

Binti yangu atarithi?

Anaweza, hali hii hutembea kwenye familia, ingawa watoto wengi wa mama mwenye upinde hutoka wanyoofu. Mtazame kuanzia miaka 10, kabla hajavunja ungo, kila baada ya miezi michache. Simama nyuma yake, mgongo wake ukiwa wazi, mwambie aunganishe viganja na ainame taratibu hadi mgongo ulale. Shusha macho yako usawa na mgongo. Kama mbavu za upande mmoja zinapanda juu kuliko za pili, mpeleke kliniki ya mifupa. Anayekua bado anaweza kusaidiwa kwa mkanda mgumu wa plastiki, uvaliwe angalau saa 13 kwa siku. Akishamaliza kukua mkanda hauna kazi tena. Katika miezi anayorefuka haraka upinde unaweza kuongezeka unyuzi mmoja au zaidi kila mwezi, kwa hiyo ukiona kitu mpeleke wiki hiyo hiyo, usingoje shule zifungwe.