Mali Iliyotoswa Baharini: Khasara ya Tufani na Hukumu Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Jua, ewe msomaji, ya kwamba milima hii ya Usambara, ambayo sisi wa Mazinde twaiona kila asubuhi juu ya vichwa vyetu, ilipata kupewa jina na mabaharia waliokwama. Tarehe 6 Aprili 1498, nayo ni Shaaban 903, kabla ya alfajiri, merikebu ya Wareno iitwayo São Rafael ilipanda fungu mbele ya Mtangata, kusini ya Tanga. Kulipokucha wakaona upande wa bara milima mirefu mizuri, wakaiita milima ya São Rafael, na mafungu yale wakayapa jina hilo hilo. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, wakashika njia ya Mombasa na Malindi, hata Kalikuti.

Mazingatio yako katika kurudi kwao. Waliivunja pwani ya Hindi mwanzo wa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijashika, wakatwaa karibu miezi mitatu kuvuka, mara shwari, mara pepo za mbele. Kwa kukosa matunda na mboga mbichi wakashikwa na kiseyeye, fizi zikafura, watu 30 wakafa. Wenye nguvu ya kuendesha chombo wakabaki saba au wanane katika kila merikebu. Walipokwisha kuipita Mogadishu, tarehe 5 Januari 1499, tufani ya radi ikawapiga, ikazikata henza za São Rafael. Tarehe 7 wakatia nanga Malindi. Tarehe 13 wakafika tena kwenye mafungu yale yale. Watu hawakutosha merikebu tatu. Basi wakahamisha vilivyomo, wakaitia moto São Rafael, na tarehe 27 wakaondoka na mbili.

Merikebu zile zilitumwa na mfalme wao Manuel, na jambo lile wakalimaliza wao kwa wao. Walakini majahazi yetu si hivyo. Huyu amepakia mchele, huyu papa, yule nguo za duka lake. Tufani ikizidi na nahodha akasema, "Toseni!", itoswe mali ya nani, na nani atakayelipa? Watu wangapi wameokoka na bahari, kisha wakaja wakahasimiana pwani! Kwa hiyo zihifadhi masala hizi katika madhehebu ya Imamu Shafi, kama alivyozibainisha Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 H) katika Minhaj, na wenye kuisherehesha baada yake.

Masala ya kwanza: Chombo kikikaribia kuzama, yajuzu kutosa shehena; na kukiwa na taraja ya kuokoka roho za watu kwa kutosa, huwa ni wajibu. Huanzwa kisicho na roho, kisha mnyama, ikiwa hapana budi. Ama mwanadamu hatoswi kabisa, wala mtumwa hatoswi ili muungwana asalimike. Na kisa cha Nabii Yunus na kura yake si hoja kwetu sisi ya kumtosa mtu.

Masala ya pili: Atosaye mali ya mwenziwe bila ya idhini hulipa, na akiidhiniwa, halipi.

Masala ya tatu: Mtu akimwambia mwenziwe, "Tosa mzigo wako, dhamana juu yangu," hulipa, kwa sharti mbili: iwe khofu ya kuzama ipo wakati ule, na faida ya kutosa isiwe ya mwenye mzigo peke yake. Lakini akisema "Tosa" tu, asitaje dhamana, halipi.

Masala ya nne: Kima kinachotazamwa ni cha kabla bahari haijachafuka. Na bahari ikiutupa mzigo ufuoni, ungali wa mwenyewe. Atautwaa, naye atarudisha alicholipwa.

Huenda mtu akasema: Vipi alipe, naye ameokoa roho za watu? Jawabu: Dharura huondoa dhambi, haiondoi haki ya mtu. Mwenye njaa ya kufa hula chakula cha mwenziwe bila ya dhambi, na thamani yake ikabaki juu yake. Ama Imamu Malik, yeye huigawa khasara hiyo baina ya wenye mali za biashara zilizosalimika na iliyotoswa. Hizo ni khitilafu za maimamu, nazo zina heshima yake. Baya ni mtu kuchagua kauli baada ya tufani kwa kutazama mfuko wake.

Basi nahodha na aombe idhini ya wenye mizigo kabla ya kung'oa nanga, mbele ya mashahidi. Na atakayedhamini wakati wa khofu, na atamke dhamana wazi. Tena ajue ya kuwa wanazuoni, katika mlango wa vyombo vigonganavyo, wamehisabu kuwa ni taksiri kusafiri katika upepo mkali usiosafiriwa, au bila ya kutimiza watu na vifaa. Henza iliyochakaa na watu wachache ni deni kabla ya tufani kuja.

Wallahu aalam.