Faili Isipofika Wote: Uanzie Wapi?

Kila usiku kompyuta ya ofisi yenu pale Nunguni, iwe ya hospitali, sacco au shule, hutuma nakala ya data kwa seva, yaani kompyuta kuu, iliyoko Wote au Nairobi. Kazi hiyo hufanywa na skripti, faili fupi ya amri ambazo mashine huzifuata bila mtu kuwepo. Leo asubuhi nakala haikufika. Ufanye nini?

Kwanza, usiiguse skripti. Ikiwa juzi ilifanya kazi, tafuta kilichobadilika nje yake: stima, bando, nenosiri, nafasi ya diski. Fungua logi, faili ambamo skripti huandika ilichofanya. Ikiwa haina lolote la usiku huo, huenda skripti haikuanza kabisa kwa sababu kompyuta ilikuwa imezimika. Huku milimani stima hupotea sana majira ya mvua, kwa hiyo naona ni afadhali itumwe saa kumi jioni, mkiwa bado ofisini, kuliko saa nane usiku.

Logi ikiwa na maandishi, soma mistari ya mwisho. “Connection timed out” maana yake seva haikujibu: angalia bando, kisha uliza kama mlango namba 22 wa seva umefungwa. “Permission denied” maana yake imekujibu ikakukataa: nenosiri limebadilishwa, au huna ruhusa ya kuandika katika folda hiyo. Ukionywa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usikubali upesi. Mpigie simu msimamizi wake kwanza. Pengine wameweka mashine mpya, pengine kuna mtu anayejifanya seva.

Mbona ukiibonyeza mwenyewe inafanya kazi, lakini usiku inakwama? Swali hili ndilo huchosha watu zaidi. Usiku huenda skripti isiendeshwe kwa jina lako. Kwenye Windows, diski ya mtandao unayoiona kama Z: huenda isionekane kabisa wakati hujaingia, hivyo andika anwani kamili ya folda, kwa mfano \\ofisi\nakala. Kwenye Linux, ratiba ya cron hujua njia chache tu, hivyo andika njia kamili ya kila amri badala ya jina lake peke yake. Kisha ijaribu ukiwa umeingia kwa jina lile lile linalotumiwa na ratiba.

Na faili ikifika nusu? Faili ya megabaiti 200 kwenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde huchukua karibu dakika 27, na bando likiisha katikati, kipande hubaki. Itume kwa jina la muda, kisha ibadilishwe jina ikishamaliza kufika. Ukitaka hakika, endesha certutil -hashfile nakala.zip SHA256 kwako, na sha256sum nakala.zip kwenye seva ya Linux. Herufi na tarakimu zote zinazotolewa pande zote mbili zikilingana, imefika nzima.

Kuhusu gharama, WinSCP, programu ya Windows ya kutuma faili, ni ya bure. Utalipia bando tu. Ila usitumie FTP ya kawaida, njia ya kutuma faili iliyoanza mwaka 1971, kwani nenosiri hupita wazi njiani. Rekodi za wagonjwa na wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, basi tumia SFTP, inayofunga kila kitu kwa siri.

Bado imekataa? Kabla ya kumpigia msimamizi wa seva, andika tarehe, saa, ukubwa wa faili na mstari wa mwisho wa logi neno kwa neno. Nenosiri usimtajie.