SOMO: JE, KIFUA KIKUU NI UGONJWA WA UKOO?



Katika vijiji vyetu, kuanzia hapa Muyeye hadi ndani kabisa, utasikia watu wakisema: "TB iko kwenye damu ya ukoo ule." Wengine huita laana. Basi familia hutengwa, msichana hukataliwa posa, na mgonjwa huficha kikohozi mpaka watoto wanaambukizwa. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Tujifunze pamoja ukweli uko wapi.

1. Ugonjwa unatoka wapi?

TB huletwa na kiini. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alikitangaza mwaka 1882. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajatibiwa akikohoa, viini huenea hewani na wengine huvivuta. TB haiambukizwi kwa sahani wala kikombe, na hairithiwi kama rangi ya macho. Nyumba moja huugua watu wengi hasa kwa sababu wanalala chumba kimoja, dirisha limefungwa, wanavuta hewa ile ile.

2. Mbona wengine hawaugui?

Hapa ndipo urithi unapoingia. Kati ya watu 100 walioingiwa na kiini, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Waliobaki, mwili wao hukizuia.

Tufikirie ua wa shamba. Mbuzi ni wale wale, lakini ua mmoja huwazuia na mwingine una matundu. Kinga ya mwili ni ua wetu. Baadhi ya nguzo zake tumezirithi kwa baba na mama, ndani ya chembe za urithi ziitwazo jeni.

Jambo hili si geni kwetu. Watafiti wa KEMRI walioko Kilifi tangu 1989 wamechunguza sana jeni ya selimundu. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe.

Kwa TB nako dalili zipo. Mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi na mwenzake huugua, kuliko mapacha wasiofanana. Kule Kampala, watafiti waliofuatilia familia za wagonjwa walikuta watu wachache waliokaa nyumba moja na mgonjwa, na bado vipimo havikuonyesha kwamba kiini kimewaingia. Mwaka 2016, utafiti kati ya watu wenye virusi vya ukimwi nchini Uganda na Tanzania ulionyesha kuwa tofauti ndogo karibu na jeni moja ya kinga iliendana na kutougua TB.

3. Lakini tusikosee

TB si kama selimundu. Hakuna jeni moja ya TB. Ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo tu. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema ukoo huu ni wa TB na ule sio. Tena, ua mzuri wa urithi huvunjwa na njaa, virusi vya ukimwi, kisukari, sigara na pombe nyingi. Aliye na ua dhaifu naye akitibiwa hupona. Kwa hiyo nguzo tulizorithi hatuwezi kuzibadili, ila matundu tunaweza kuyaziba.

4. Kikundi kifanye nini?

- Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku au kukonda, aende kituo cha afya mara moja. Asingoje.
- Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kawaida ni miezi 6. Zisiachwe hata mtu akijisikia mzima.
- Mmoja akipatikana na TB, nyumba nzima ipimwe, watoto kwanza. Wengine watapewa dawa za kuzuia.
- Watoto wachanga wapate chanjo ya BCG.
- Tufungue madirisha. Nyumba mpya zijengwe na madirisha makubwa.
- Mgonjwa apelekewe chakula na mtu wa kumkumbusha dawa.

5. Tafakari

Someni pamoja Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walipomwona kipofu walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa hukumu hiyo, akamponya. Sisi nasi tusiulize ukoo, tuulize kama amepata dawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu, ni maneno gani yanayomfanya mgonjwa ajifiche?
2. Tofauti ya kurithi ua dhaifu na kurithi ugonjwa ni ipi? Mweleze jirani kwa maneno yako.
3. Ni nyumba gani katika kikundi chetu inahitaji dirisha, na nani atasaidia kulitoboa?